Krismasi hii sina hela, niende Moshi mikono mitupu?

SWALI: Dada shikamoo. Mie naishi Kimara, nauza kava na chaja za simu Kariakoo, kwetu Marangu. Kila Desemba lazima nipande nyumbani na kila Desemba naumia. Mwaka jana nilichukua milioni moja na laki mbili kwa hawa wa kausha damu, wakopeshaji wa riba kubwa, nikakodi gari, nikabeba mchele, vitenge vya mama, kreti za soda, mbuzi wawili nikanunua kulekule. Watu walinisifu kweli. Januari watoto wakarudishwa shule kwa ada na deni nimelimaliza Juni. Mwaka huu mke wangu anasema tubaki Dar. Naona aibu, na pia kaka yangu hatuongei toka tugombanie mpaka wa kihamba, lile shamba la ukoo, yani sijui hata naendea nini. Nishauri.

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Hilo deni la kausha damu usilirudie, mke wako yupo sahihi kabisa hapo. Ila kwenye kubaki Dar mie nakataa, nenda nyumbani.

Hebu soma tena Luka sura ya pili taratibu. Yusufu naye alikuwa anarudi kwao, watu wote waliambiwa wakaandikwe kila mtu mji wa kwao, akasafiri na mke mjamzito mpaka Bethlehemu na wakafika hawana hata pa kulala, mtoto akalazwa horini. Wachungaji wa kondoo ndio waliofika kwanza, na Luka haandiki kama walibeba chochote, walikimbia tu kwenda kumwona mtoto. Halafu kuna kitu watu wengi tunakipita. Siku za utakaso zilipotimia walienda hekaluni kutoa sadaka, na sadaka inayotajwa pale ni ya hua wawili au makinda mawili ya njiwa, ambayo kwenye Walawi ni ruhusa ya mtu asiyeweza kupata mwanakondoo. Yani Yusufu alitoa cha maskini, mbele za watu, na hakukopa mwanakondoo ili aonekane. Mie hapo huwa naguswa sana kwa kweli.

Sasa nenda na ulichonacho. Pandeni basi la kawaida pale Mbezi, kata tiketi mapema kabla hawajajaa, au angalia treni, ile iliyorudi kwenda Moshi 2019. Sukari kilo mbili na majani ya chai vinatosha. Mpigie mama leo leo umwambie ukweli kwamba mwaka huu hali ngumu, asije akawatangazia majirani mbuzi ambaye hayupo. Mama anayekaa peke yake kihambani mwaka mzima anataka kusikia watoto wakipiga kelele uani, na wewe ukamkatie majani ya ng'ombe siku tatu nne.

Na kaka yako. Wewe ni Mchaga, hili unalijua kuliko mie: isale, ule mmea wenu wa mipakani na wa kuombana msamaha, lipo palepale mnapogombania. Mtafute mzee wa ukoo anayeheshimika, chuma isale mpeleke kwa kaka kabla ya mkesha, maana mtu akiletewa isale ni vigumu sana kukataa kusamehe. Mbege mtakunywa baadaye. Mpaka wa shamba uongelewe kikao cha ukoo, usiuongee siku hiyohiyo. Kama mwaka huu hili ndilo litakalofanyika basi, mdogo wangu, umeenda na kitu kikubwa kuliko wale mbuzi wawili.

SWALI: Dada, mwanangu wa miaka saba anajua Krismasi ni baba mwenye ndevu nyeupe wa supamaketi anayegawa zawadi. Nimwambie ukweli? Mama wa Morogoro.

JIBU: Mwambie, na ukweli wenyewe ni mzuri. Alikuwepo askofu Nikolao wa Mira, nchi ambayo leo ni Uturuki, kanisa linamkumbuka tarehe 6 Desemba. Inasimuliwa kwamba usiku alirusha dhahabu dirishani kwa baba mmoja aliyeshindwa kuwaoza mabinti zake watatu, na hakutaka ajulikane. Msimulie hivyo, halafu mfunge wote unga na mafuta kidogo, mtoto mwenyewe auweke mlangoni kwa jirani mnayejua amekwama, mrudi ndani bila kubisha hodi.