Usiongeze Unga Kabla Selulosi Haijanywa Maji

Losheni yangu ya kwanza niliitengeneza hapa Dodoma wakati wa kiangazi, ambapo upepo mkavu huipausha miguu hata kabla hujafika sokoni. Nilimimina kwa mkupuo gramu 10 za unga wa haidroksiethaili selulosi, ambao huipa losheni uzito, katika lita moja ya maji, nikakoroga kwa mwiko hadi mkono ukachoka, na bado nikabaki na maji mepesi yenye mabonge yanayoelea. Nilipolipasua bonge moja kwa ukucha, nje lilikuwa na utelezi kama wa mlenda, ndani kuna unga mkavu kabisa. Nikaongeza gramu 10 nyingine. Kufikia asubuhi mabonge yote yalikuwa yamekunywa maji, na ndooni mlikuwa na kitu kizito kama gundi, kisichofaa kupakwa mwilini.

Chembe za nje za unga huu hulowa upesi na kufanya utando unaoyazuia maji yasipenye ndani. Anayepika uji analijua jambo hili, ndiyo maana huuvuruga unga kwa maji ya baridi kabla ya kuumimina kwenye maji yanayochemka. Kwa selulosi hii, ninachotumia kuvurugia ni glisirini, kwa sababu unga hutawanyika humo bila kuvimba: gramu 10 za unga kwa gramu 50 za glisirini, kisha namimina taratibu ndani ya maji huku nikikoroga, na kuacha kwa muda wa saa moja au zaidi kabla ya kuamua kama uzito unatosha. Methaili selulosi, aina nyingine ya unga wa kuongeza uzito, ina tabia tofauti, kwani hutawanywa katika maji ya moto, ambamo haiyeyuki, na huanza kuwa nzito maji yanapopoa.

Selulosi hizi hutokana na miti au nyuzi fupi zinazobaki kwenye mbegu za pamba, lakini hubadilishwa kiwandani ili ziweze kuyeyuka majini. Kwa hiyo mteja akiuliza kama ni za asili, naona ni haki yake kuelezwa hivyo hivyo. Aelezwe pia kwamba uzito wa losheni si lishe ya ngozi. Selulosi huchelewesha matone ya mafuta yasipande juu, ila haiwezi peke yake kuyaunganisha na maji, na ngozi iliyopauka hulainishwa zaidi na glisirini pamoja na mafuta, kwa mfano ya alizeti.

Nasisitiza sana suala la kihifadhi, yaani kiungo kinachozuia losheni isioze. Ukungu na baadhi ya bakteria hutoa vimeng'enya, yaani protini za kuvunjavunja vitu, vinavyoikata minyororo ya selulosi, na losheni iliyokuwa nzito ikawa nyepesi chupani, hata mteja akadhani umemchanganyia maji. Losheni ya namna hiyo usiiongezee unga ili kuirudishia uzito; imwage, uoshe vyombo kwa maji yaliyochemka, na uanze upya.