"Chuki ya bure" na "amani ya kondoo"

Swali: Ninatafsiri makala kuhusu fikra za Kiyahudi, yenye istilahi ya Kiebrania "sinat chinam". Niliandika "chuki ya bure", lakini mwenzangu anashikilia kwamba hiyo ni lugha ya mtaani na kwamba niandike "chuki isiyo na msingi". Je, na "amani" yatosha kwa "shalom"?

Jibu: Ndugu msomaji, usiifute "chuki ya bure". Neno "chinam" lina maana mbili zile zile zilizomo katika "bure" yetu: bila malipo na bila sababu. Waisraeli jangwani wanakumbuka samaki waliokula Misri "bure" (Hesabu 11:5), na mtunga zaburi anawalalamikia "wanaonichukia bure" (Zaburi 69:4). Kiebrania kina "chinam" pote pawili, na wafasiri wa Biblia wakatosheka na neno moja. "Isiyo na msingi" hulifaa dai au tuhuma, yaani jambo linalohitaji ushahidi. Wahenga wa Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya marabi wa Kiyahudi, katika kitabu chake cha Yoma, ukurasa wa 9b, hawazungumzii ushahidi. Wanasema Hekalu la kwanza la Yerusalemu liliangamia kwa ibada ya sanamu, uzinzi na umwagaji damu, ilhali la pili, lililoteketezwa na Warumi mwaka 70, liliangamia ingawa watu wake walisoma Torati, walishika amri na kutenda hisani, kwa sababu walichukiana bure. Aliyechukiwa hakuilipia chuki ile kwa kosa lolote.

Kuhusu "shalom", "amani" hufaa mara nyingi, ila asili yake ya Kiarabu yaelekea zaidi kwenye usalama, hali ya mtu asiye na hofu. Mzizi wa "shalom" umezaa pia "shalem", kitu kizima kisichopungua, na kitenzi cha kulipa deni. Tazama Mwanzo 37. Katika aya ya 4, ndugu zake Yusufu wanamchukia wala hawawezi kusema naye kwa "shalom". Katika aya ya 14, baba yao anamtuma yeye huyo akaangalie "shalom" ya ndugu zake na "shalom" ya kondoo. Hakuna Mswahili anayeulizia amani ya kondoo. Huuliza kama ni wazima. Kwa hiyo, pale makala inapoeleza shalom iliyo kamili, ningeandika "amani na uzima", kwa kuwa "amani ya kweli" hutuambia tu kwamba si ya bandia.

Kwa aya ya 4 ninalo pendekezo jingine, maana "salamu" yetu, kupitia Kiarabu, ni ya mzizi huo huo wa "shalom": hawakuweza hata kumpa salamu.