Re: Kijivu kimoja kinaonekana rangi mbili kwenye bango

Mambo mkuu. Kama nimekuelewa, logo yako ni kijivu chenye kodi ya rangi 808080 (namba ya rangi kwenye kompyuta) pande zote mbili za bango, lakini upande mweusi inaonekana imepauka na upande mweupe inaonekana imekolea, na mteja anadai umebadilisha rangi.

Kwanza usiguse printa wala setingi za skrini. Chukua kile kitone cha kupima rangi (eyedropper) kwenye programu yako, bonyeza logo zote mbili, kodi za rangi zikilingana basi faili lako ni zima na ni macho tu yanadanganywa na nyeusi na nyeupe za pembeni. Mteja akibisha toboa karatasi matundu mawili, funika bango, abaki anaona vijivu peke yake, huwa wanacheka wenyewe.

Afu hicho kivuli ulichoweka kama logo inaelea nacho kinachangia. Jicho halipimi mwanga tu, linakadiria kitu kipo wapi na kinamulikwa vipi. Gilchrist, mtafiti wa saikolojia, mwaka 1977 alionyesha kipande kilekile cha karatasi, kikionekana kipo chumba cha mbele chenye mwanga hafifu watu wanakiona karibu cheupe, kikionekana kipo chumba cha nyuma chenye mwanga mkali kinakuwa karibu cheusi, na mwanga wake haujabadilika!

Mi ningetoa kivuli kwanza, afu logo ya upande mweusi niikoleze kidogo kidogo, nijaribu 747474 hivi, naangalia nikiwa mbali na skrini mpaka zifanane. Kodi zitatofautiana ndio, ila mteja hanunui kodi. Ukishindwa zungushia logo zote fremu ya rangi moja, pana kiasi.