Kifafa cha uzazi hata baada ya kujifungua: usikimbilie kusema ni malaria

Umesema dada yako yuko Ahero, leo siku ya tano tangu ajifungue. Kichwa kinamgonga, panadol haisaidii, anaona vimulimuli, na nyumbani wanasema ni malaria kwa kuwa mimba nzima presha yake ilikuwa sawa. Tafadhali usingoje kesho. Kifafa cha uzazi, yaani presha ya uzazi inayopanda hadi kuleta degedege, huweza kumpata mama hadi wiki 6 baada ya kujifungua, hata ambaye hakuwahi kuwa na presha. Maji yaliyojikusanya mwilini wakati wa ujauzito hurudi kwenye mishipa, na presha hupanda zaidi siku ya 3 hadi ya 6. Wakati huo wengi wameshatoka wodini, na kliniki inayofuata bado iko mbali.

Apimwe presha ameketi, mgongo umeegemea, mkono usawa wa moyo, baada ya kutulia dakika 5. Mkanda ukiwa mdogo kwa mkono mnene, namba hupanda bure. 140/90 si ya kurudi nayo nyumbani akiwa na dalili hizo. 160/110 ni dharura. Maumivu chini ya mbavu za kulia nayo msiyaite vidonda vya tumbo, huenda ni ini. Huku kwetu kando ya ziwa kipimo cha malaria chaweza kutoka chanya na presha ikawa juu vilevile, basi vyote viwili vitibiwe.

Tafuteni gari, si boda: akishikwa na degedege njiani ataanguka. Likianza, mlazeni ubavu wa kushoto. Msimtie kijiko mdomoni wala kumkandamiza.

Hospitalini dawa ya kuzuia degedege ni magnesiamu salfeti. Huanza na gramu 4 polepole kwenye mshipa, kisha gramu 5 kila kalio, na baadaye gramu 5 kila saa 4, kalio moja moja kwa zamu, hadi zipite saa 24 tangu degedege la mwisho. Sindano ya kalio inauma kweli, na mwili huwaka joto. Mwambieni mapema asije akakataa dozi. Kabla ya kila dozi muuguzi agonge goti aone kama mguu unaruka, ahesabu pumzi (zisipungue 16 kwa dakika), na aangalie mfuko wa mkojo: angalau mililita 100 katika saa 4. Dawa hutoka kwa mkojo; figo zikizembea hujaa mwilini, goti huacha kuruka kwanza, kisha pumzi hufuata. Ndiyo maana kalsiamu glukoneti gramu 1, dawa ya kupinga magnesiamu ikizidi, huwekwa karibu na kitanda.

Presha yenyewe ina dawa yake, kama nifedipini, na ataendelea kunyonyesha. Asiache vidonge kwa sababu kichwa kimepoa. Na mimba ijayo aende kliniki mapema, aseme yaliyompata, ili aanzishiwe asipirini miligramu 75 kabla ya wiki 20, kupunguza uwezekano wa hali hii kurudi.