Lebo, Lipa Namba na bango la "International": majibu ya maswali yenu

Nasaga unga wa lishe nyumbani, Morogoro. Supamaketi imeukataa, eti hauna mwonekano. Nibadilishe nembo?

Nembo iache kwanza, dada yangu. Pakiti uliyonitumia picha yake haina tarehe ya kutengenezwa wala ya kuisha muda, haina namba ya toleo (ya kutambua mkupuo uliosagwa pamoja), na pembeni umeandika TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa. Usajili wa vyakula ulihamia TBS, shirika la viwango, mwaka 2019! Mnunuzi wa supamaketi akiona herufi hizo anajua papo hapo kwamba lebo uliinakili kwa mwenzako. Anzia ofisi ya mkoa ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, uombe barua ya utambulisho, ndipo uende TBS. Alama yao ya ubora usiichapishe kabla hujapewa leseni ya kuitumia. Barkodi utaipata GS1 Tanzania, wanaotoa namba hizo nchini, nayo huanza na 620, ingawa tarakimu hizo zinaonyesha tu namba ilikotolewa. Unga mbovu nao unaweza kuwa nayo. Halafu nunua mizani: kilo iwe kilo.

Mimi ni fundi wa aluminiamu, Mwanza. Wateja wanasita kunipa advansi. Nipange ofisi mjini?

Kodi ya mjini itakumaliza. Hebu fikiria mteja anatuma laki nane, simu inamletea jina asilolijua, pengine la shemeji yako. Nani asingesita? Sajili jina la biashara BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kazi inayofanyika mtandaoni, chukua TIN, yaani namba ya mlipakodi, kisha omba Lipa Namba, namba ya biashara ya kupokelea malipo ya simu, kwa jina hilohilo. Analosoma kwenye simu alikute kwenye ankara na risiti.

Makadirio nayo yaandike: vipimo, rangi ya fremu, unene wa kioo, kiasi cha advansi, siku ya kufunga. Mafundi wengi hupima dirisha, hutaja bei kwa mdomo, halafu siku ya kufunga unazuka ugomvi wa kioo cha milimita 4 au 5. Nimeyaona hayo nyumbani kwangu, na fundi hakuwa mwizi. Hakuandika tu. Ukiona utachelewa, mpigie wewe kabla hajakupigia.

Nauza vifaa vya simu Kariakoo. Nikiongeza "International" kwenye bango, nitaaminika zaidi?

Hapana. Mteja anataka kujua kama chaja ikiungua keshokutwa atakukuta, na utamfanyia nini. Andika nyuma ya risiti: waranti siku ngapi, na kipi hakihusiki.