Ukitafuta vuli yenye utulivu, fuata barabara isiyo na hoteli

Septemba ikifika katikati, simu zinaanza. Ndugu na jamaa walioko Boston, Columbus, hata Toronto, wote wanauliza jambo moja: tunataka kuja huko kwenu kutazama majani yanavyogeuka rangi, twende wapi pasipo na watu wengi? Wengi wao wanakuwa wameshapanga barabara ya Kancamagus, kwa kuwa ndiyo waliyoiona mtandaoni. Nimejibu hadi nimechoka, sasa naandika.

Naishi Lewiston, Maine, mji ambao ukiingia duka la vyakula unaweza kusikia Kiswahili cha Wakongo, cha Warundi na cha Wasomali waliokulia Dadaab, vyote kwenye foleni moja. Mimi mwenyewe ni mtu wa Tanga. Barabara za kaskazini nimezizoea kwa sababu napenda kuendesha gari na sipendi makelele.

Tuanze na hiyo Kancamagus. Ni barabara ya maili 34.5, karibu kilomita 55, inayokata milima ya White Mountains kutoka Lincoln hadi Conway, jimbo la New Hampshire. Uzuri wake si wa kusingiziwa. Lakini Jumatatu ya pili ya Oktoba ni sikukuu ya taifa, na wikiendi hiyo kila mwenye gari anakwenda huko. Utadhani uko Mbagala saa kumi na moja jioni, ila hapa hakuna hata wa kukuuzia karanga dirishani.

Watu hujazana penye vitu vitatu: hoteli, maegesho makubwa yenye vyoo, na picha iliyosambaa. Kwa hiyo fungua ramani, tafuta barabara inayopita kwenye milima ileile lakini imekosa kimoja au viwili kati ya hivyo. Miti ni ileile na rangi ni zilezile.

Mfano mzuri ni Evans Notch. Badala ya kuganda Conway, vuka mpaka uingie Fryeburg upande wa Maine, kisha shika barabara namba 113 kuelekea kaskazini hadi Gilead. Uko ndani ya msitu uleule wa taifa wenye Kancamagus, na barabara inarukaruka mpaka, mara uko Maine, mara New Hampshire. Ni nyembamba, ina kona, na mabasi ya watalii hayaipendi. Angalizo moja tu: karibu wiki ya kwanza ya Oktoba Fryeburg huwa na maonyesho makubwa ya wakulima, na magari yanaziba mji mzima. Wiki hiyo ingilia upande wa Gilead ushuke kusini, au subiri yaishe. Ukipata nafasi, tafuta pia daraja la Hemlock, daraja la mbao lenye paa lililojengwa mwaka 1857. Liko huko vichakani mwisho wa njia ya changarawe. Wenzako watakuwa wanasukumana kupiga picha daraja la Sunday River kule Newry.

Ninayoipenda kuliko zote, hata hivyo, ni barabara namba 17, kutoka mji wa Mexico (ndiyo, Maine ina Mexico yake) kwenda Rangeley. Unaanza karibu na kiwanda cha karatasi, pahali ambapo hapakupi matumaini yoyote, na nadhani ndiyo maana wageni wengi wanageuza. Wewe endelea. Barabara inafuata mto Swift hadi Byron, ambako maji yamechonga mwamba yakafanya korongo jembamba linaloitwa Coos Canyon. Utakuta watu wazima wameinama mtoni na makarai yao wakichekecha mchanga wakitafuta dhahabu. Punje wanazopata ni ndogo kiasi kwamba lazima uonyeshwe kwa ncha ya kidole.

Nilimpeleka shangazi yangu huko alipokuja kututembelea kutoka Pangani. Mwanzoni alikuwa ananuna kimyakimya. Alikuwa ameambiwa anapelekwa matembezi, akaona misitu tu. Kabla ya Byron tukakuta meza kando ya njia, haina mtu. Juu yake maboga, mifuko ya tufaha, na chupa za ile sharubati inayogemwa kwenye miti ya maple, wenyeji wanayoimiminia chapati za maji. Pembeni kopo la kahawa limetobolewa kifuniko, na kipande cha boksi kimeandikwa bei kwa kalamu nzito. Shangazi akatikisa kopo, akasikia sarafu.

"Mwanangu, mwenyewe yuko wapi?"

"Yuko ndani kwake, Shangazi. Unachukua, unaweka hela, unaondoka."

"Na usiku?"

"Na usiku."

Akachagua boga kwa muda mrefu sana, akiyagonga yote kwa kidole kama anayenunua nazi, halafu akaweka hela zaidi ya bei iliyoandikwa, kwa kuwa alisema hakupata mtu wa kumwomba ampunguzie na hilo lilimkosesha raha. Kutoka hapo hadi Rangeley hakunyamaza. Ndiyo maana nawaambia watu watembee na noti ndogondogo: dola moja, dola tano. Hizo meza hazina chenji wala mashine ya kadi.

Mbele ya Byron barabara inapanda hadi Height of Land, na hapo chini linafunuka ziwa Mooselookmeguntic, misitu imelizunguka pande zote. Sikufichi, hapo pana umaarufu wake na pana maegesho. Fika mapema asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala ziwani, au njoo siku za katikati ya wiki.

Na hapo ndipo sisi tuna bahati ambayo hatuitumii. Wengi wetu tunafanya kazi za zamu, wengine kwenye nyumba za wazee, wengine kwenye maghala. Ofu zetu zinaangukia Jumanne au Jumatano, na tunazimaliza kwa kulala na kufua. Mwenye Jumatano huru ndani ya Oktoba ana kitu ambacho mwenye kazi ya ofisini hulipia likizo ili akipate.

Kuhusu tarehe, rangi huanzia kaskazini na juu milimani mwishoni mwa Septemba, halafu hushuka taratibu hadi ukanda wa pwani, ambako huchelewa hadi katikati au mwishoni mwa Oktoba. Jimbo la Maine hutoa ramani kila wiki inayoonyesha kila eneo limefikia wapi. Watu wote huisoma wakikimbilia eneo lililofika kileleni. Mimi huenda eneo ambalo bado halijafika. Njano na kijani vikichanganyika ndipo macho yangu yanapofurahi zaidi, na vyumba vya kulala vinakuwa bado vipo. Njano imo ndani ya jani tangu mwanzo, ila imefunikwa na kijani. Siku zikifupika mti unaacha kutengeneza kile kijani, njano inajitokeza. Wekundu ni tofauti, jani huitengeneza rangi hiyo wakati huohuo kwa sukari iliyobaki ndani yake. Kwa hiyo mchana wa jua na usiku wa baridi isiyo ya kugandisha vikifuatana siku kadhaa, panga safari. Ikitabiriwa mvua yenye upepo mkali, nenda kabla yake, maana baadaye utayakuta majani chini.

Sasa mambo ya kujilinda. Mtandao wa simu huko hukatika kwa maili nyingi, basi pakua ramani kabla ya kuondoka. Mimi hubeba pia kitabu kikubwa cha ramani za jimbo, vile vinavyouzwa kwenye vituo vya mafuta, na njia nyingi nzuri nimeziona humo kwa kukaa tu mezani na chai. Mafuta usiyaache yashuke chini ya nusu tangi. Kama gari ni la kukodi, soma mkataba, kwa kuwa kampuni nyingi haziruhusu njia za changarawe.

Kinachonitia hofu kweli ni moose. Ni mnyama wa jamii ya kulungu, mkubwa kama pofu, mweusi-mweusi, na miguu yake ni mirefu kiasi kwamba taa za gari zinaweza kupita chini ya macho yake bila kuyamulika. Ukimgonga, bampa inakata miguu na mwili wote unakuja kwenye kioo. Hutoka zaidi jioni na alfajiri. Katikati ya Oktoba jua linazama kama saa kumi na mbili jioni, kwa hiyo jipange Magharibi ikukute umeshafika mjini. Kwa swala za mchana, beba dumu la maji ya udhu. Vyoo vya mbugani ni vya shimo na mara nyingi havina bomba. Chupa ya chai na sambusa sihitaji kukufundisha.

Ukiona michirizi ya rangi ya zambarau kwenye miti, usiingie. Huku ni alama ya kisheria kwamba ardhi hiyo inaingiwa kwa ruhusa ya mwenyewe. Na ukimkuta mwenye nyumba barazani, msalimie, mwambie umetoka wapi. Mgeni mweusi anayesimamisha gari na kukaa kimya huleta maswali. Akisalimia, huishia kuelekezwa njia ambayo haimo kwenye ramani yoyote. Ndivyo ilivyo, na mimi nimeamua kuitumia.

Njia utakayoelekezwa hivyo usiitangaze. Kule Pomfret, Vermont, shamba moja la watu binafsi lilisambaa mitandaoni, wageni wakaziba njia na kuvamia viwanja vya watu, hadi mwaka 2023 mji ukafunga barabara ya Cloudland kwa wasio wakazi msimu wa majani. Piga picha, tuma kwa familia, mahali usipataje. Hata hapa nimetaja barabara za serikali tu. Njia ya changarawe ninayokwenda mwenyewe siisemi, hata ukinipigia.

Kama umechelewa na Oktoba imekwisha, bado njoo. Majani yamedondoka, milima inaonekana hadi mgongo wake, na vyumba vinashuka bei. Ila Novemba ni msimu wa kuwinda kulungu kwa bunduki. Vaa fulana ya rangi ya machungwa inayong'aa, wewe na watoto, hata kama unashuka kunyoosha miguu tu. Au njoo Jumapili, kwa sababu Maine hairuhusu uwindaji siku hiyo. Na kabla ya kushika 113 ulizia kama bado iko wazi. Hufungwa majira ya baridi, na theluji huku haisubiri kalenda.