Filamu za "Sehemu ya Kwanza": zipi zilistahili kukatwa, zipi zilitukata sisi

Mkuu umeuliza: hadithi ikiwa tamu, kuna ubaya gani ikigawanywa vipande viwili au vitatu, si ndiyo tunafaidi zaidi? Naona waliotangulia wamejibu kishabiki, wa Dune upande huu, wa Hobbit upande ule. Msimamo wangu ni huu. Kukata hadithi si kosa. Kosa ni kuikata mahali ambapo hakuna kilichoamuliwa. Kipande cha kwanza kikifika mwisho, lazima pawe na jambo ambalo haliwezi tena kurudi nyuma: mtu amekufa, kiapo kimevunjwa, steringi amechagua njia na nyingine zote zimemfungia. Pasipo hilo, umeuziwa nusu kwa bei ya nzima.

Tahadhari kabla sijaendelea: nataja miisho waziwazi. Kama hujatazama Dune, au hujacheza The Last of Us ya pili, ziruke aya zake.

Naanza na Hobbit kwa sababu ndiyo inayoniuma. Kitabu cha Tolkien cha mwaka 1937 kina sura 19 tu, kimeandikwa kwa sauti ya mzee anayewasimulia watoto, na msomaji wa kawaida anakimaliza bila kujitutumua. The Lord of the Rings ni kikubwa mara kadhaa kuliko hicho, na kilipata filamu tatu, 2001 hadi 2003, ya mwisho ikazoa Oscar 11 kati ya 11 ilizokuwa ikiwania. Halafu kile kitabu kidogo nacho kikapewa filamu tatu, 2012 hadi 2014. Mpango wa awali ulikuwa filamu mbili. Ya tatu ilitangazwa Julai 2012, wakati kazi kubwa ya kupiga picha ilikuwa imeshamalizika.

Kovu la uamuzi huo linaonekana kwa macho. Filamu ya pili inaishia pale joka Smaug linaporuka kwenda kuuteketeza mji wa ziwani. Giza, majina ya waigizaji, nenda nyumbani, tuonane mwakani. Mwaka unapita, unarudi umekaa mkao wa kula, na ndani ya dakika za mwanzo za filamu ya tatu joka limeshakufa. Yaani mwisho wa filamu moja ulihamishiwa mwanzoni mwa nyingine. Ile ya pili ikabaki haina mwisho, ya tatu ikaanza kwa kumaliza kazi ya mwenzake, kisha ikabakiwa na vita tu. Na hivyo vita vyenyewe, kwenye kitabu Bilbo, steringi wa hadithi, anapigwa jiwe la kichwa, anazimia, na habari nyingi anakuja kuzipata baadaye. Tolkien, ambaye mwenyewe alipigana vita kuu ya kwanza, hakuona haja ya kumkalisha mtoto kwenye uwanja wa mapigano kwa muda mrefu. Filamu imezigeuza kurasa hizo chache kuwa ndiyo mwili wa hadithi.

Sina ugomvi na kubuni. Legolas hayumo kabisa katika kitabu hicho, na Tauriel ametungwa na watu wa filamu. Sawa, filamu si nakala ya kitabu. Ugomvi wangu ni kwamba kufikia sehemu ya tatu Bilbo amekuwa mgeni kwenye shughuli yake mwenyewe. Anakaa pembeni anatazama wakubwa wakipigana. Ukitaka kuona tulichonyimwa, rudia filamu ya kwanza pale Bilbo na Gollum wanapotegana vitendawili pangoni. Watu wawili, giza, na maisha yakitegemea jibu. Hakuna jeshi, hakuna daraja linaloporomoka, na kwangu hakuna kinachofikia pale katika filamu zote tatu.

Sasa, mtindo wa kukipasua kitabu cha mwisho katikati ulishika kasi na Harry Potter. Kitabu cha saba kilitoka 2007, filamu zake Novemba 2010 na Julai 2011. Najua wengi hapa wanaiponda ile ya kwanza, eti watoto wanazurura msituni na hema saa nzima. Mimi ndiyo ninayoipenda kuliko ya pili. Kwa mara ya kwanza hakuna shule, hakuna mwalimu wa kuwakimbilia, wana njaa, wamechokana, wanagombana kama watu wa kweli. Na inapoisha, rafiki yao Dobby amezikwa na adui yao Voldemort ameshaichukua fimbo ya uchawi kutoka kaburini mwa mwalimu mkuu wao, Dumbledore. Mambo mawili hayo hayarudi nyuma. Unatoka umejazwa, ingawa bado una hamu.

Waliofuata waliiga kisu, hawakuiga mahali pa kukata. Twilight ilipasua Breaking Dawn 2011 na 2012. (Nikiri tu kwamba ile vita ya mwisho ilinifurahisha: kitabuni hakuna vita hiyo, filamu ikaonyesha vichwa vikiruka, wasomaji wakashika midomo, kumbe ni maono ya Alice, mhusika anayeona yajayo. Walitumia ujuzi wa msomaji kumtega msomaji mwenyewe. Hiyo ni akili, hata kama filamu nzima hainivutii.) Hunger Games ikapasua Mockingjay 2014 na 2015, na hapo ndipo mtindo ulipoonyesha ubovu wake. Vitabu vya Suzanne Collins vinasimuliwa na steringi mwenyewe, Katniss. Katika Mockingjay amevunjika, anajificha, anatumika kama sura ya mabango ya waasi. Nguvu yote ya nusu ile ya kwanza iko kichwani mwake. Kamera haiingii kichwani. Basi filamu inabaki na msichana aliye chini ya ardhi akitazama skrini, na sisi tunamtazama yeye akitazama. Mwongozaji Francis Lawrence baadaye alisema wazi kwamba anajutia mgawanyo ule. Mwaka 2023 aliporudi na The Ballad of Songbirds and Snakes, kitabu kinene kuliko Mockingjay, alikiweka chote kwenye filamu moja.

Allegiant, kitabu cha mwisho cha Divergent, sina haja ya kuijadili sana. Nusu ya kwanza ilitoka 2016, haikuuza, nusu ya pili haikutengenezwa kabisa. Aliyefuatilia Divergent kwa filamu tu hajui mpaka leo yaliyompata steringi wake, Tris.

Kuna mtu amesema hapo juu kwamba huu ni ulafi wa kisasa. Sikubali. Kukata hadithi ili msikilizaji arudi ni ufundi wa zamani sana. Yule binti wa Alfu Lela Ulela alikuwa anakatiza kila usiku ili shingo yake ifike asubuhi. Charles Dickens alianza kutoa The Pickwick Papers mwaka 1836 kwa vitabu vidogo vya kila mwezi, na pesa ilikuwa ndiyo sababu kama ilivyo sasa. Hata Karama wa Shaaban Robert, katika Kusadikika ya 1951, anajitetea mahakamani kwa kusimulia safari za wajumbe sita, moja baada ya nyingine. Ila tazama tofauti. Dickens alijua kipande kinaishia wapi wakati kalamu iko mkononi. Alitunga kwa kufuata mkato. Kila mjumbe wa Karama ana safari yake na malipo yake, ukisimama hapo hujaachwa hewani, na kitabu chenyewe ni chembamba kuliko vingi vinavyotamba siku hizi. Filamu hizi zimechukua kitu kilichotungwa kizima, kikapumua kizima, ndipo pakatafutwa pa kupitisha kisu kwa hesabu za tiketi.

Ndiyo maana Dune naitetea. Kitabu cha Frank Herbert cha 1965 ni kikubwa kweli. Mwongozaji David Lynch alijaribu kukiingiza chote katika filamu moja ya 1984, ya saa mbili na ushei, na matokeo yake wahusika wananong'ona mawazo yao ili tu mtazamaji asipotee. Mwongozaji mwingine, Denis Villeneuve, akachukua nusu, 2021, na watu wakalalamika kwamba haina mwisho. Haina kivipi? Filamu nzima steringi, Paul, anaota ndoto za mambo yajayo, na mtu wa jangwani aitwaye Jamis anamtokea humo kama rafiki wa kumfundisha jangwa. Kisha wanakutana ana kwa ana, na Paul anamuua. Ni mtu wa kwanza kumuua maishani mwake, na ndoto aliyoiamini imepinda mbele ya macho yake. Mama yake anataka waondoke kwenye sayari ile. Yeye anasema wanabaki. Yule kijana tuliyeanza naye hayupo tena. Huo ni mwisho kamili. Na kumbuka filamu ya pili ilikuwa haijaidhinishwa wakati ya kwanza inaingia kwenye majumba ya sinema. Ruhusa ilitangazwa siku chache baada ya kuanza kuonyeshwa Marekani. Nadhani hofu hiyo ilisaidia. Huwezi kuacha mambo yote yaning'inie wakati hujui kama utarudi.

Upande wa gemu ndiko kuna kidonda kikubwa zaidi. Half-Life 2 ilitoka 2004, kisha watengenezaji wake, Valve, wakaamua kuendeleza hadithi kwa vipande vifupi: Episode One 2006, Episode Two 2007. Hiyo ya pili inaisha Eli Vance akiuawa mbele ya binti yake, Alyx, na binti anamlilia. Skrini nyeusi. Cha tatu hakikuja. Mwaka 2017 Marc Laidlaw, aliyekuwa mwandishi wao na wakati huo ameshaondoka, aliweka mtandaoni barua ya kubuni yenye majina yaliyobadilishwa, na kila aliyeisoma alielewa kwamba ni muhtasari wa kipande kilichokosekana. Mtu umecheza miaka yote hiyo, mwisho wa gemu unaupata kwa kusoma barua.

Sasa cha ajabu, Episode Two iliuzwa 2007 ndani ya kifurushi kimoja na Portal, The Orange Box. Kifurushi kile kile! Portal ni gemu ya saa chache tu: vyumba vya majaribio, bunduki ya kufungua milango ukutani, na sauti ya mashine inayokuahidi keki huku ikikupeleka motoni. Ina mwanzo, ina mgeuko, ina mwisho, unazima mashine ukiwa unacheka. Nimeirudia mara nyingi kuliko gemu yoyote kati ya zile ndefu zinazokupa ramani iliyojaa alama mpaka huoni ardhi. Mkato wa Episode Two ulikuwa mzuri kwa kipimo changu mwenyewe, kifo kilionekana hakirudi nyuma, mpaka Half-Life: Alyx ya 2020 ilipokuja kukibatilisha. Ila kipimo hicho kina sharti ambalo nilidhani halihitaji kusemwa: kipande kinachofuata kije.

Final Fantasy VII naipa nusu kwa nusu. Katika gemu ya 1997 jiji la Midgar ni utangulizi tu. Remake ya 2020 imeligeuza kuwa gemu nzima, na Rebirth ya 2024 ikaendelea. Faida ni kwamba akina Jessie, Biggs na Wedge, waliokuwa wanapita tu, sasa ni watu unaowajali. Hasara ni kazi za kujazia, mpaka unatumwa kutafuta paka waliopotea wakati dunia inakaribia kuangamia. Hasara kubwa zaidi ni Sephiroth, adui mkuu. Zamani humo Midgar uliona damu aliyoiacha sakafuni, yeye humwoni, na woga ulitokana na kutomwona. Sasa anatokea mapema na mara kwa mara. Gemu imekuwa ndefu kiasi kwamba haiwezi kumficha.

Na The Last of Us ya pili, 2020. Mwanamke aitwaye Abby anamuua Joel, mlezi wa Ellie, mapema. Unacheza kama Ellie siku tatu Seattle ukimsaka kwa hasira, mnakutana kwenye ukumbi wa maigizo, Jesse, rafiki wa Ellie, anapigwa risasi, na papo hapo gemu inarudi siku ya kwanza na kukukabidhi Abby. Hasira yako bado ya moto, na vidole vyako ndivyo vinavyomwendesha mtu unayemchukia. Mimi nilitaka kuzima. Sikuzima, na saa kadhaa baadaye nilikuwa namwonea huruma. Tamthilia ya HBO ilipofika hapo, msimu wa pili wa 2025 ukaishia hapo hapo: risasi, giza, kisha Abby siku ya kwanza. Ni mkato ule ule wa gemu, na kwangu haukufanya kazi. Mtazamaji anaachwa na arosto mpaka msimu ujao, hasira inapoa, anabaki na udadisi tu. Ile ilikuwa silaha ya mtu aliyeshika kidhibiti bila kupewa nafasi ya kupumua.

Watakaoleta Game of Thrones, hiyo ni kesi ya upande wa pili. Misimu sita ya vipindi kumi kumi, kisha saba, kisha sita. Malkia Daenerys kuchoma jiji sina tatizo nalo. Tatizo ni kwamba alifika pale mbio.

Na wa Kill Bill najua mnakuja. Ile ilipangwa iwe filamu moja, ikatoka mbili, 2003 na 2004. Ya kwanza inaisha O-Ren, mmoja wa maadui ambao steringi anawalipizia kisasi, ameanguka kwenye theluji, deni lake limelipwa, kisha Bill anauliza swali moja tu kuhusu mtoto wa steringi huyo, ambaye mama anaamini alikufa. Hiyo naikubali bila mjadala.